Timu Isiyohitaji Kocha

“Timu yangu haihitaji kocha,” alisema Hadi, kachori mkononi, mguu mmoja juu ya kiti cha wageni ambacho mama yake alikuwa amemkataza kukikalia, seuze kukikanyaga. “Nimeshaijenga. Naweza kuitupa siku kumi bila kuigusa hata kwa ukucha, na ikapanda daraja yenyewe.”

Hayo yalisemwa ghorofa ya kumi na moja, Scarborough, mjini Toronto, Jumapili moja ya Desemba, theluji ikianguka nje kana kwamba inalipwa kwa saa. Wasikilizaji walikuwa watatu. Wa kwanza Kanizfatema, binti wa shangazi yake, aliyemzidi Hadi mwaka mmoja wa umri na, kwa hesabu yake mwenyewe, miaka kumi ya akili. Wa pili Philip, Mkenya wa ghorofa ya nane, aliyesoma na Hadi darasa moja. Wa tatu bibi yake Hadi, mama yake baba, Sakarbai kwa jina, lakini nyumba nzima ilimwita Dadima. Yeye alikuwa kwenye kochi lake na tasbihi yake, na hakuwa ameulizwa chochote.

Mchezo uliokuwa ukizungumzwa ulikuwa wa mtandaoni, wa kuendesha timu ya mpira wa kikapu. Hurushi mpira wala huruki. Kazi yako ni kupanga: nani acheze wapi, timu ishambulie vipi, ikabe vipi, na wiki hii wafunzwe nini. Ukishapanga unaondoka zako, na saa ya mechi ikifika kompyuta inazichezesha timu mbili na kukuletea matokeo. Jumanne na Jumamosi ni ligi, Alhamisi ni mechi ya kirafiki. Ukikosa kupanga, hakuna ubaya. Kompyuta inarudia kikosi chako cha mwisho, kama mke mvivu anayepasha moto chakula cha jana.

Ugomvi wa Hadi na Kaniz ulikuwa mmoja, na ulishatimiza mwaka: kujenga au kupanga? Hadi alikuwa mjenzi. Alichukua vijana wa miaka kumi na minane wasiojua kitu, akawafundisha wiki baada ya wiki mpaka wakawa watu. Ila ujenzi una gharama yake, kwa maana katika mchezo ule mtu hufunzwa kwa nafasi anayocheza. Ukitaka kijana ajue kudunda mpira, lazima acheze gadi, yule wa mbele anayeongoza timu, dakika zote arobaini na nane, hata kama kwa umbo ni mnara wa simu. Unamfunza, na huku unafungwa.

Kaniz hakuwa na subira hiyo. Timu yake, Baridi Kali, ilikuwa ya wazee watupu, magoti yamekwisha, lakini kila mechi aliipangia mbinu mpya baada ya kumsoma mpinzani kama anayesoma barua ya mwenzake. “Wewe unalea watoto,” alizoea kumwambia Hadi. “Mimi nashinda.”

Fahari ya Hadi ilikuwa kijana mmoja wa futi saba na inchi mbili, ambaye kompyuta ilimpa jina refu la Kilithuania na Hadi akamwita Mlingoti. Mlingoti alikuwa na mikono ya kudaka ndege angani, lakini akipewa mpira adunde, mpira ulimkimbia kama kuku aliyeona kisu. Hadi alikuwa amekula kiapo cha kumfundisha. Senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, akijua kudunda, alisema, ni kama twiga anayejua kuogelea: hakuna aliyejiandaa kumkabili.

Na sasa Mkonge wa Tanga, timu ya Hadi, ilikuwa kileleni mwa ligi. Mechi zilibaki tatu. Bingwa peke yake ndiye anayepanda daraja la pili, huko kwenye timu za dunia nzima, na Hadi alikuwa amekisotea kiti hicho misimu minne. Alihitaji ushindi mmoja tu kati ya hizo tatu. Akiukosa, Kaniz anapita, kwa kuwa mechi ya mwisho ilikuwa baina yao wawili.

Lakini mechi zote tatu ziliangukia Muharram.

Ligi yao ilikuwa ya timu kumi na mbili, zote za vijana wa madrasa ya Jumapili, Wahoja, Mashia wa asili ya Kihindi, wenye wazee wa Tanga, Dar na Mombasa, isipokuwa Philip, aliyeingizwa kwa kuwa timu ya kumi na mbili ilikosa mwenyewe. Mfunguo Nne, ndio huo Muharram, ukiandama, majumbani mwao runinga hutandikwa kitambaa cheusi, nguo nyeusi hutoka kabatini, na jioni kumi za mwanzo watu huenda imambara, ukumbi wao wa maombolezo, kusikiliza majlisi za kuuawa kwa mjukuu wa Mtume na kulia. Si wakati wa michezo. Wenye mchezo hawakuwa na habari na hilo, mechi ziliendelea tu, kwa hiyo vijana walijiwekea sheria yao: kabla ya mwezi kila mtu apange kikosi, kisha asiingie mpaka Ashura, siku ya kumi, ipite. Atakayeingia, mechi zake za siku hizo zote kafungwa. Polisi hakuna, neno la mtu linatosha.

Ndipo Hadi akajisifu yale aliyojisifu. Kaniz alimtazama mguu ulioko kitini, akamtazama usoni, akasema haya, tutaona. Philip akala kachori ya mwisho.

Sasa usidhani Hadi alikuwa mjinga. Alikuwa na mpango, tena mzuri. Mazoezi ya kila mechi huhesabiwa alfajiri inayofuata. Mlingoti alikuwa amebakiza mechi moja tu ya kirafiki, ya Alhamisi, apande kiwango cha kudunda. Kwa hiyo Hadi aliacha kikosi cha mazoezi, Mlingoti mbele kama gadi, gadi wake wa kweli yuko benchi anaota jua. Ijumaa mchana, akitoka shule, angekaa dakika kumi, arudishe kila mtu mahali pake, na jioni mwezi uandame unavyotaka. Alikwishapiga hesabu: mwezi ungetimiza thelathini. Mwaka uliopita ulitimiza, akaona na huu una adabu hiyo hiyo.

Alhamisi saa kumi na moja jioni, Desemba ya Toronto ikiwa imeshazima taa zake, simu ya mezani ililia. Sughra, mama yake Hadi, aliipokea, akasikiliza, akasema inna lillahi kwa sauti ndogo, akaiweka. Mwezi ulikuwa umeonekana. Siku ishirini na tisa.

Hadi alitoka chumbani na kipande cha mkate mdomoni akamkuta mama yake anatandika kitambaa cheusi juu ya runinga. Kompyuta ilikuwa pembeni mwa sebule, mahali ambapo wazazi wenye busara huziweka. Alisema anahitaji dakika mbili. Sughra aliuliza za nini. Hadi akasema za kazi ya shule, na mama yake, ambaye miaka kumi na minane alikuwa akiusoma uso huo, alichomoa kibodi, akaizungushia waya wake vizuri, akaipeleka kabatini juu ya mablanketi ya wageni.

“Mwezi umeandama, baba,” alisema. “Vaa nyeusi, tunaondoka.”

Basi Hadi akaenda imambara na moyo wake ukabaki Scarborough. Siku ya kwanza alijipa matumaini. Ya pili, Jumamosi, saa tisa, saa ya mechi, alikuwa jikoni kwa wajitoleaji akimenya vitunguu, na machozi yake yakasifiwa na wazee waliodhani ni ya majlisi. Alijua kinachoendelea. Mahali fulani ndani ya kompyuta isiyojulikana iliko, kijana wa futi saba na inchi mbili alikuwa anajaribu kuupitisha mpira katikati ya watu wafupi wenye njaa.

Jumatatu alimwendea Philip kwenye makabati ya shule. Alimweleza kwa mzunguko. Kwamba sheria ni ya Waislamu. Kwamba Philip si Mwislamu. Kwamba neno la siri la Hadi ni rahisi kukumbuka. Kwamba kama mtu mwingine angeingia, kwa bahati mbaya tu, akabadilisha vitu viwili vitatu, hapo Hadi mwenyewe atakuwa hajagusa.

Philip alifunga kabati lake polepole. “Boss,” alisema, “mimi ni Mpresbiteri na tangu Alhamisi sijagusa. Yangu nilipanga Jumatano nikanyamaza. Wewe ni nini kinakuwasha?”

Hadi alicheka akasema alikuwa anamjaribu tu. Philip naye akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa na meno mengi.

Jumatano, tarehe sita Muharram, Hadi alimwambia mama yake anakwenda maktaba ya mtaa kurudisha kitabu. Hilo lilikuwa kweli. Kitabu alikuwa nacho, cha kemia, kimechelewa wiki mbili. Alikirudisha. Kisha miguu, ambayo hukuwahi kuisikia ikila kiapo chochote, ikampeleka kwenye meza ya kompyuta za umma, ya mwisho karibu na ukuta. Alivuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi. Alijiambia anaangalia tu. Kuangalia si kugusa. Mtu akipita mbele ya mkahawa akanusa, hajala.

Aliingia. Mechi ya kwanza amefungwa kwa pointi thelathini na moja. Ya pili kwa kumi na tisa. Mlingoti peke yake, katika mechi hizo mbili, alikuwa amepoteza mpira mara kumi na saba, na mchezo, ambao hauna huruma, ulikuwa umeziorodhesha zote kwa dakika na sekunde.

Pumzi zilimtoka kama za tairi. Timu isiyohitaji kocha ilikuwa inamhitaji kocha kama mgonjwa anavyomhitaji daktari, na Jumamosi, siku mbili na ushei mbele, ilikuwa inakutana na Kaniz. Misimu minne. Maneno ya Philip Mpresbiteri yalimjia, akayasukuma pembeni.

Halafu akaona kitu kingine. Kiwango cha Mlingoti cha kudunda kilikuwa kimepanda. Si mara moja, bali mara mbili. Mateso yote yale yalikuwa masomo. Na hapo, tumpe haki yake, Hadi alikuwa fundi. Mjenzi ndani yake akamnong'oneza mpangaji, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima wakasikilizana. Kaniz atakuwa ameacha wazee wake wapige mitupo ya mbali, maana magoti hayawezi kukimbilia kikapuni. Basi ulinzi utoke nje, uwafuate huko huko walipo. Chini ya kikapu hana mtu mrefu. Kila Mlingoti akipata mpira atawekewa walinzi wawili. Mlingoti wa mwezi uliopita angeupoteza. Mlingoti wa leo anadunda mara moja, anageuka, na nyuma ya walinzi wawili hakuna kitu ila kikapu. Mchezo uende taratibu, wazee wasipate nafasi ya kushambulia ghafla.

Alipanga kwa dakika tisa. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kuhifadhi. Alifikiri juu ya saa ya mwisho ya kuingia, ambayo mchezo huionyesha kwa kila mtu. Lakini wenzake wote wako nje ya mchezo, nani ataiona? Na Jumatatu akiingia tena kihalali, saa mpya itaifuta ya zamani. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Akabonyeza, akafunga, akatoka kwenye theluji mabega juu, mwepesi kama aliyeng'olewa jino.

Siku nne zilizobaki hakuna kijana aliyehudumu kama Hadi. Aligawa chai mpaka vikombe vikaisha, akapanga viatu vya wageni kwa jozi, akasugua masufuria ya pilau yenye ukubwa wa kumtosha yeye mwenyewe. Sughra aliwaambia majirani kwamba mwaka huu mtoto amekua. Dadima alisema alhamdulillahi, na akaendelea na tasbihi yake.

Ashura ikapita. Jumatatu mchana Kaniz alishuka kwenye basi akitokea chuo kikuu, mkoba wa vitabu mgongoni, na Philip akapanda kutoka ghorofa ya nane. Kibodi ilirudishwa mezani. Dadima alikuwa kwenye kochi lake. Hadi aliketi mbele ya kioo kama dereva wa harusi, akaingia kwanza yeye, haraka, kisha akawaonyesha.

Mkonge wa Tanga themanini na nane, Baridi Kali themanini na nne. Mlingoti alikuwa ametia pointi thelathini na sita.

“Nilisema au sikusema?” Hadi aliuliza, na bila kusubiri akajijibu kwamba alisema. Alizunguka sebule. Aliwaeleza kuhusu misingi, kuhusu nyumba inayosimama bila fundi kuishikilia, kuhusu watu wanaohangaika na mbinu kila Jumanne kwa kuwa hawajui kulea. Philip alimpigia makofi mawili ya heshima.

Kaniz hakuwa anasikiliza. Alikuwa amevuta kiti na anasoma karatasi za mechi kiooni, zote tatu, moja baada ya nyingine, kwa utulivu ule uliomfanya Hadi aanze kutembea taratibu zaidi.

“Mlingoti alicheza gadi mechi mbili,” alisema. “Ya tatu kacheza senta. Kahamaje?”

Hadi aliacha kutembea. Lakini hakuwa mtu wa kukosa neno; maneno yalimjia kama mabasi ya Markham Road, hakuna kwa muda mrefu halafu matatu kwa pamoja. Mchezo, alimkumbusha, unaruhusu kupanga kila mechi peke yake kabla ya wakati. Yeye alizipanga zote tatu kabla ya mwezi. Alihitaji ushindi mmoja, si ndiyo? Basi mbili za kwanza alizitoa sadaka kwa mazoezi, amfunze kijana, na ya tatu akaivuna. Kujenga na kupanga, vyote kwa pamoja. Alishangaa mwenyewe jinsi ilivyosikika vizuri.

Kaniz aliitafakari. Alirudi kwenye karatasi ya mechi ya tatu, akapitisha kidole kwenye mstari wa walinzi, kwenye mwendo wa mchezo, na uso wake ukaanza kulegea, kama mtu aliyefungwa na mwenye haki ya kumfunga.

“Hiyo ni akili,” alisema hatimaye. “Mimi nisingethubutu kutoa mechi mbili. Nimekuvulia kofia, Hadi.” Akamnyoshea mkono.

Hapo ndipo angepaswa kuupokea mkono na kuketi. Watu wengi wameokolewa na kuketi. Lakini sifa ni kama achari, ukionja kidogo unataka chupa, na Hadi alitaka sifa hiyo iwe na muhuri. Akasema asimwamini hivi hivi, kesho wasije watu wa ligi wakanena. Kuna shahidi humu ndani, mtu mzima, mwenye tasbihi mkononi, ambaye siku zote kumi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye kompyuta hii.

“Dadima,” alisema, kwa upole na kujiamini, “hebu waambie. Mimi niligusa kompyuta Muharram hii?”

Dadima alimaliza punje alizokuwa nazo, kwa kuwa haziachwi katikati. Akaikunja tasbihi kiganjani.

“Ya hapa hakuigusa,” alisema.

Hadi aliwageukia wenzake, mikono imefunguka.

“Ya maktaba ndiyo aliyoigusa.”

Philip alitazama kucha zake kwa makini makubwa. Mkono wa Kaniz, uliokuwa bado hewani, ulirudi pole pole kwenye goti lake, kisha ukasogea hadi kwenye kibodi na kuivuta upande wake.

“Jumatano kuna darasa letu la Kiingereza, sisi wazee,” Dadima aliendelea, bila hasira, kama anayesimulia bei ya mchele. “Mwalimu alichelewa, nikakaa meza ya nyuma yake kupumzisha magoti. Nilimwona anamhamisha yule mrefu. Sikusema, si mwezi wa kufedhehesha watu. Nikangoja labda atasema mwenyewe.” Akamtazama mjukuu wake kwa muda. “Na akanipita mlangoni, kofia mpaka machoni, hata salamu hakunipa.”